Shosho Alifumia Wajukuu Wote Sweta Bila Kuandika Chochote: Hivi Ndivyo Nasaka Pateni Yake

Kama ulisoma shule pande za Nyeri, baridi ya Julai unaijua vizuri. Ile ya kuamka unapata ukungu umekalia Ruring'u hadi saa nne, mlima hauonekani, na mwalimu wa zamu anacheki nani amekuja bila sweta. Huku kwetu sweta si luku, ni lazima. Ndiyo maana ukizunguka miji ya Mlima Kenya, Karatina, Nyeri, Chaka hadi Nanyuki, hukosi fundi amejibana kwa kibanda na mashine ya mkono, anasukuma kigari kulia kushoto, krr krr krr, anatoa sweta za shule moja baada ya nyingine.

Lakini leo sibongi kuhusu mashine. Nabonga kuhusu sindano mbili, na hesabu ambayo watu wengi hawajui iko ndani ya sweta.

Sai niko na kazi tatu. Ya kwanza ni mboshori kumi za watu wa boda wa steji ya hapa kwetu. Hizo nafuma nikitazama TV, hazina stori. Ya pili ni shali ya mtoi wa beshte yangu wa Karatina. Hiyo nimeifumua mara tatu na sitaki kuiongelea. Ya tatu ndiyo imeninyima usingizi: sweta ya mtoto ya shosho yangu wa Othaya.

Shosho alifumia kila mjukuu sweta moja, ileile. Kifua kina michoro ya zigizagi kama ya kiondo, mikono ina zigizagi pia kwa viganja, halafu vifungo vitatu kwa bega la kushoto. Tuko wajukuu kumi na saba. Sweta zingine ziliishia kupanguza meza, moja ilizikwa na paka, si mchezo. Iliyobaki nzima ni moja tu, ya binamu yangu wa mwisho, na iko kwangu kwa mfuko wa plastiki kama kitambulisho.

Shida ni kwamba shosho hajawahi kuandika kitu. Kila kitu kilikuwa kwa kichwa na kwa vidole. Miaka miwili iliyopita macho yalianza kugoma, presha ya macho, na sasa haoni vitanzi. Nikimuuliza alianza na vitanzi vingapi, ananijibu, "Vile vinatosha." Haya, andika hiyo kwa pateni uone.

Alijifunza miaka ya sitini kwa kikundi cha wanawake kanisani. Vikundi kama hivyo vilikuwa vimejaa Nyeri wakati huo. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa 1952, mwaka uleule serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari, na kwa klabu zake wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kulea watoto. Mkoloni alikuwa na hesabu zake za kisiasa, hiyo hatukatai. Lakini akina shosho walichukua sindano wakaenda nazo. Sindano za kwanza za huyu wangu zilikuwa spoku za baiskeli, zimenolewa kwa jiwe.

Sasa, pateni ni nini?

Wasee wengi hudhani pateni ni ule mchoro wa mbele. Hapana. Pateni ni maagizo yote: uzi gani, sindano gani, uanze na vitanzi vingapi, ufume laini ngapi kabla ya kwapa, shingo unapunguza vipi. Hata yule fundi wa mashine ako na pateni. Cheki ukutani kwake, utapata kipande cha katoni kimeandikwa nambari kwa kalamu: saizi 24, 26, 28, zote inchi za kifua, na kando yake vitanzi na laini. Ile katoni ndiyo mtaji wake. Ikinyeshewa, kazi imesimama.

Kila kitu kinaanzia kwa kipimo. Unafuma kipande kidogo cha mraba, unakilaza, unahesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata 20. Unataka sweta ya mtoto yenye kifua cha sentimita 60, basi unahitaji vitanzi 120. Rahisi, ama? Sasa mkono wako ukiwa mlegevu upate 18 badala ya 20, vilevile vitanzi 120 vinakupa karibu sentimita 67. Hujakosea kuhesabu popote, lakini mtoto ameogelea. Hii ndiyo sababu watu huacha kufuma. Wanaruka kile kipande cha kupima juu wana haraka, halafu wanalaumu uzi.

Kuna mama mmoja aliyeokoa watu wengi hapa. Anaitwa Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, akafariki 1999. Yeye alisema usikariri nambari za kila saizi, kariri asilimia. Vitanzi vya kifua viite 100. Kiganja cha mkono kiwe kama asilimia 20 ya hivyo, mkono ukifika juu uwe kama 33, shingo 40. Kwa hivyo kwa ile ya vitanzi 120, kiganja ni 24, mkono juu 40, shingo 48. Ukijua hiyo, unaweza kufumia mtu yeyote, kuanzia mtoi wa nasari hadi mjomba wa kitambi.

Nikajiambia, basi hii ya shosho ni dakika tano. Nikaitoa kwa mfuko, nikachukua pini na rula, nikahesabu. Kipimo chake, vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kifua kama sentimita 51. Kwa hesabu yangu angeanza na vitanzi 112 na kidogo, ama 110 mtu akipenda nambari nzuri. Nikahesabu. 112 kamili.

Kwa nini 112? Nilikaa na hiyo kitu wiki nzima. Halafu nikacheki zigizagi. Kila jino moja linakula vitanzi vinane. 110 haigawanyiki kwa nane, utabaki na jino limekatika pale mwisho kama sahani imevunjika. 112 ni nane mara kumi na nne. Shosho hakuwa anasema "vile vinatosha" kunizungusha. Alikuwa anahesabu meno, si vitanzi.

Hii ndiyo kazi ngumu ya mtu wa kutunga pateni. Sweta moja mtu yeyote anaweza kufuma. Kuitoa kwa saizi tano, na mchoro uingie sawa kwa kila moja, hapo ndipo jasho hutoka. Saizi inayofuata kwa kipimo ingetaka vitanzi 123. Huwezi, lazima uchague 120 ama 128. Ukichukua 120 sweta inabana kidogo, ukichukua 128 inalegea. Mimi nimechukua 128 juu watoto hawapungui.

Mikono ikanichanganya zaidi. Asilimia 20 ya 112 ni kama 22, na nane iliyo karibu ni 24. Ya shosho ina 32. Nikadhani amekosea. Nikampigia simu.

"Umewahi kuvalisha mtoto analia?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Anakunja ngumi."

Aki nilinyamaza. Vitanzi 24 ni kama sentimita 11, zinatosha mkono uliotulia. Ngumi ya mtoto aliyekasirika inataka nafasi. Na vile vifungo vya begani pia si urembo. Mtoto mchanga kichwa chake ni kikubwa, kinakaribia kifua, wakati mwingine kinakipita. Shingo ya asilimia 40 kwa sweta hii inakupa kama sentimita 20, na kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kinafika sentimita 45 hivi. Bila kufungua bega hicho kichwa hakiingii, hata uombe. Asilimia za Zimmermann ni tamu, lakini kwa mtoto mchanga unaziweka kando kidogo.

Namba nane ya nani?

Pateni ikikamilika huwezi kuiuza hivyo tu. Unapatia watu wengine wafume wakifuata maandishi yako, bila wewe kuwa hapo kuwaelezea. Mimi nilitumia wawili: beshte yule wa Karatina, na binamu yangu wa Marekani.

Ya Karatina ilitoka fiti. Ya Marekani, alinitumia picha nikacheka hadi machozi. Sweta ya mtoto wa mwaka mmoja ingemtosha karibu mtoto wa darasa la kwanza. Kosa lilikuwa langu. Niliandika "sindano namba 8" vile shosho husema. Shosho alijifunza kwa namba za zamani za Uingereza, na huko namba 8 ni milimita 4. Namba za Marekani zimegeuzwa, zikipanda sindano inanenepa, na namba 8 yao ni milimita 5. Kwa sindano hiyo binamu alipata vitanzi 18 kwa sentimita 10, na 112 zikawa sentimita 62. Tangu siku hiyo naandika milimita tu. Ukinunua pateni yoyote iliyo na "namba" bila milimita, kwanza uliza ni ya nani.

Na kwa nini nahangaika hivi? Doh ni sababu moja, sitadanganya. Tangu 2007 kuna Ravelry, mtandao ambapo wafumaji wa dunia nzima huuza na kununua pateni, nyingi zikienda dola tano hadi nane. Na tangu 2018 mtu anaweza kutoa pesa ya PayPal moja kwa moja hadi M-PESA. Fikiria hivi: sweta moja ya mkono inanichukua wiki mbili, na hapa mjini inashindana na ya mitumba ya soo mbili. Siwezi kushinda hiyo vita. Pateni unaiandika mara moja, inauzwa hata ukiwa umelala.

Sababu ya pili inauma. Mwaka juzi duka moja mjini liliagiza kwangu sweta tatu zenye mchoro niliotunga mwenyewe. Niliporudi kuulizia oda ingine, nilipata rafu imejaa mchoro wangu, umetolewa kwa mashine, rangi nne. Mwenye duka aliniambia, "Siste, kwani uliandika wapi ni yako?" Sikuwa na jibu. Nililia kwa matatu hadi Kiganjo, na sikuwa naenda Kiganjo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataka kazi iwe imeandikwa ama kuwekwa kwa namna inayoshikika. Maagizo yakiwa kwa karatasi na mchoro, ni yako kuanzia hapo, na unaweza kuyasajili kwa KECOBO upate ushahidi. Yakiwa kichwani tu, utabishana na hewa. Hiyo haimaanishi unamiliki zigizagi. Zigizagi ya kiondo ni ya akina mama wengi kabla yetu, na nikiuza pateni hii nitaandika hivyo. Mimi namiliki maneno na chati nilizochora. Muonekano wa kitu chenyewe, kama unataka uzalishaji mkubwa, hiyo unapeleka KIPI kama ubunifu wa kiviwanda, miaka mitano unaongezewa hadi kumi na mitano.

Kuna vikundi vilishaelewa zamani thamani ya jina. Kenana Knitters wa Njoro, walioanza 1998, huweka kwa midoli yao lebo yenye jina la mama aliyefuma. Nanyuki kuna Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi cha wanawake cha tangu 1977, wanasokota sufu ya kondoo kwa mkono wenyewe. Ukipita huko ingia, harufu tu ya ile sufu itakuambia kwamba akriliki tunayofumia sisi ni kitu kingine kabisa.

Jumapili iliyopita nilipeleka sweta yangu ya kwanza kamili Othaya. Vitanzi 112, meno kumi na manne, ngumi inapita. Nilijiona nimeomoka. Shosho akaichukua, hakushika mbele hata kidogo. Aligeuza ndani nje, akapitisha vidole pole pole nyuma ya zigizagi, akasimama.

"Hapa mtoto atanasa kidole."

Ukifuma rangi mbili, ule uzi ambao hautumiki unapita nyuma. Ukipita mbali bila kushikwa, unakuwa kamba, na kidole cha mtoto kinaingia hapo wakati wa kuvaa. Nilikuwa nimeona kwa sweta ya zamani nyuzi zimepindana-pindana huko ndani, nikadhani ni makosa. Kumbe alikuwa anazishika makusudi.

Nimefumua laini sita. Kwa pateni nimeongeza sentensi moja: pinda uzi wa nyuma kila baada ya vitanzi viwili. Shosho ameuliza kama kweli kuna mtu wa Marekani atalipa pesa kusoma hiyo.