Niliziba matundu, nikaozesha sakafu ya baba

NILIPOVUKA mpaka wa Kobero mwaka 2004 nikitokea kambi ya Lukole, wilayani Ngara, Tanzania, sikuwa na mali ila mke, watoto wawili na mabegi matatu. Lakini nilikuwa na bahati ambayo wenzangu wengi hawakuipata: mjini Gitega, nyumba ya marehemu baba ilikuwa bado imesimama.

Ni nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma. Chumba cha mbele kina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi kwa boriti. Nje, chini ya kuta, kulikuwa na matundu madogo ambayo sikujua kazi yake.

Fundi niliyemwita alisema hiyo ni njia ya panya na baridi. Gitega iko mwinuko wa mita 1,500 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma. Nikamwamini. Tukayaziba yote kwa saruji, kisha nikatandika zulia la plastiki juu ya mbao. Chumba kikapendeza.

Masika ya pili, harufu ya udongo ikaanza. Mama, aliyekuwa akilala chumba hicho, akawa anakohoa usiku kucha. Mimi ni mfanyabiashara wa mpakani, na nilikuwa nimelaza humo magunia manne ya karanga. Nilipoyafungua, yalikuwa yameota ukungu. Niliyatupa yote, maana ukungu wa karanga na mahindi huweza kuzaa sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Siku chache baadaye mguu wa kitanda cha mama ukatoboa sakafu.

Wiki hiyo nilikwenda Muyinga kupokea mzigo, nikamsimulia mkasa wangu seremala mmoja mzee.

"Mwanangu," alisema, "yale matundu ndiyo pua ya nyumba. Umeiziba pua, kisha unashangaa inaoza?"

Akanieleza kuwa ardhi hutoa unyevu mwaka mzima. Hewa ikipita chini ya mbao, unyevu huo huondoka nayo. Hewa ikizibwa, unaganda chini ya mbao, na zulia la plastiki linauzuia kutokea juu. Mbao ikibaki na maji zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu, kuvu wa kuozesha hupata makazi.

Dawa yake

Mzee alipanda gari nami kupitia Karuzi hadi Gitega. Kwanza aling'oa mbao chache na kuchoma boriti kwa bisibisi. Katikati ilikuwa ngumu, lakini kwenye ncha zilizoingia ukutani bisibisi ilizama kama kwenye muhogo uliopikwa.

Hakugusa mbao mpya hata moja kabla ya kushughulikia maji. Tuliweka mfereji wa bati kwenye paa, tukachimba mtaro wa kupeleka maji mbali, tukashusha udongo wa nje uliokuwa umepanda hadi usawa wa matundu.

Kisha tulizibua matundu ya pande mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kuhusu panya, tuliweka wavu wa chuma. Tukaacha sakafu wazi kiangazi chote, Juni hadi Agosti, ikauke.

Mwisho alikata ncha zilizooza, akiingia hadi kwenye mti mzima, akaunga boriti mpya. Kati ya mti na tofali alikunja nailoni, na nailoni nyingine akaitandaza juu ya udongo chini ya sakafu. Nilipotaka kupaka oili chafu alikataa. Alisema huenda ikawatisha mchwa, lakini haikaushi unyevu, na harufu yake si ya chumba anacholala mzazi.

Gharama ilikuwa faida yangu ya karibu miezi mitano. Matundu yale yangenigharimu wavu tu.

Ndugu yangu uliyerudi ukakuta nyumba ya wazee, usikimbilie saruji na rangi. Zunguka nje kwanza, utazame maji ya mvua yanakwenda wapi na hewa inapita wapi. Nawe mwenye mzigo, panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwangu ilikuwa kinyume: niliziba, nikajenga sakafu upya. Mama analala chumba kile kile, na kikohozi cha usiku kimekwisha.