Mipaka ya Kanuni: Hesabu ya Ghala la Mahindi

Songea, katika Mkoa wa Ruvuma, ina msimu mmoja wa mvua kila mwaka. Mvua huanza Novemba au Desemba, na huisha karibu na mwezi wa Aprili. Kwa hiyo mkulima anayetegemea mvua huvuna mahindi mara moja tu. Mavuno hayo hana budi kuyatunza hadi mavuno ya mwaka unaofuata.

Tuchukue mfano. Familia moja imeweka ghalani magunia 10 ya mahindi makavu. Kila gunia lina uzito wa kilo 100. Jumla ni kilo 1000. Je, chakula hicho kitatosha siku ngapi? Jibu hutegemea kilo zinazoliwa kila siku. Tuziite kilo hizo k, na siku tuziite s. Kanuni yetu ni:

s = 1000 ÷ k

Ikiwa k ni 4, s ni 250. Ikiwa k ni 2.5, s ni 400. Familia inayoanza tarehe 1 Julai na kutumia kilo 4 kila siku itamaliza mahindi mwanzoni mwa Machi, wakati mahindi ya shambani bado hayajakauka. Inayotumia kilo 2.5 itafika mavuno mapya.

Sasa jaribu kuweka 0 mahali pa k. Tunajua kwamba 1000 ÷ 4 ni 250 kwa sababu 250 × 4 ni 1000. Ni namba gani ikizidishwa kwa 0 itatoa 1000? Hakuna. Basi 0 haifai katika kanuni hii. Vilevile k haiwezi kuzidi 1000, kwani hakuna awezaye kula kwa siku moja mahindi mengi kuliko yaliyomo ghalani.

Tazama kanuni ya pili. Familia ikitumia kilo 4 kila siku, kilo zinazobaki baada ya siku n ni:

b = 1000 − 4 × n

Baada ya siku 100 zitabaki kilo 600. Baada ya siku 250 itabaki 0. Baada ya siku 260 je? Hesabu hutoa hasi 40, yaani 40 chini ya sifuri. Hesabu imetoa jibu, lakini hakuna ghala lenye mahindi kama hayo. Kwa hiyo n inaweza kuwa 0, 1, 2, 3 na kuendelea hadi 250 tu.

Namba zote zinazofaa kuwekwa mahali pa herufi ni seti ya namba zinazofaa kwa kanuni hiyo. Ili kuipata, jiulize maswali mawili:

(a) Je, hesabu yenyewe inawezekana?
(b) Je, jibu linaweza kuwa kweli katika jambo tunalolipima?

Kumbuka pia kwamba kanuni zetu hazikuhesabu mahindi yanayoliwa na dumuzi. Mahindi yasipokaushwa na kuhifadhiwa vizuri, yatakwisha mapema kuliko hesabu isemavyo.

Zoezi

1. Familia ina kilo 600 za mahindi, na hutumia kilo 3 kila siku. Yatatosha siku ngapi?
2. Andika kanuni ya kilo zinazobaki baada ya siku n. Taja n ndogo kabisa na n kubwa kabisa zinazofaa.
3. Debe lenye lita 20 za maji linavuja lita 2 kila dakika. Kwa nini dakika ya 12 haifai katika kanuni ya maji yanayobaki?