Wageni wa Septemba Katika Shamba Lako

Ndugu mkulima, wewe uliye na shamba la skimu huko Lugari, Lumakanda, Mautuma au Likuyani, mwezi huu wa Septemba mahindi yako yameanza kugeuka rangi. Jioni, ukiisha kukama ng'ombe, simama nje ya nyumba utazame juu. Huenda ukaona mbayuwayu wengi wakipita huku na huku juu ya shamba, na juma lililopita hawakuwako. Wametoka wapi? Yafaa ujue, kwa maana kitu kinachowaleta ndicho kinachoweza kuozesha mahindi yako.

Tarehe 22 au 23 Septemba jua hupita juu ya Ikweta, mstari ulio kilomita 30 hivi kusini ya mji wa Kakamega. Tangu siku hiyo nchi za Ulaya huendelea kupoa. Usiku hurefuka, wadudu hufa au hujificha, na ndege alaye wadudu hana budi kuhama. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Asubuhi mbingu ni safi, lakini baada ya adhuhuri upepo utokao Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki, mawingu yakapanda juu ya ukingo wa Nandi, na ifikapo saa tisa au saa kumi radi zinanguruma. Mvua ikiisha kulowesha udongo, kumbikumbi huruka kutoka vichuguuni. Watoto hukimbilia masufuria, na mbayuwayu nao wamefika mezani.

Mbayuwayu wa Ulaya ana uzito wa gramu 20 tu, na koo lake lina wekundu. Hajengi kiota hapa. Ukimwona mbayuwayu akibandika matope chini ya bati lako, huyo ni mwenyeji. Baada yake, mwezi wa Oktoba na Novemba, hupita korongo mweupe, mwenye mabawa meusi nyuma na mdomo na miguu myekundu. Huyu ni mzito, naye hapendi kuvuka bahari. Husubiri hewa ya moto imnyanyue, ndipo huteleza angani, akipitia Sinai na bonde la mto Nile mpaka afike huku. Wengi huendelea hadi kusini mwa Afrika. Akitua katika shamba lililovunwa, hula panzi, viwavi na hata panya.

Keremkerem naye, yule wa rangi nyingi, hula nyuki. Humpigapiga nyuki juu ya tawi mpaka mwiba utoke, kisha humeza. Mwenye mizinga hawezi kumpenda sana, nami simlaumu. Lakini wengi wa ndege hao ni wapitaji.

Sasa, wako watu wanaoona korongo wakaona nyama. Huko Bunyala, katika Kaunti ya Busia, imegunduliwa kwamba watu waliwatega ndege katika mashamba ya mpunga, korongo wakiwamo, kwa sumu ya wadudu, kisha wakaiuza nyama. Mkulima, sumu iliyomwangusha ndege haiondoki kwa kuchemshwa sufuriani. Usinunue nyama hiyo, wala usiache mabaki ya dawa ya shamba mahali ambapo ndege au kuku atadonoa.

Turudi kwa mahindi. Kumbikumbi wakiruka, jua ya kuwa ardhi imeshiba maji, na hewa ya jioni ina unyevu mwingi. Gunzi lililokomaa likiendelea kusimama wazi, maji huingia kwenye ncha, na ukungu huanza ndani ya maganda usipouona. Baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Walikuwa wakulima kama wewe, na mahindi yalikuwa ya nyumbani.

Kwa hiyo usingoje mabua yaanguke. Menya punje chache. Ukiona alama nyeusi penye shina la punje, mahindi yamekomaa. Vuna asubuhi umande ukiisha kukauka, na kufika saa nane yawe chini ya paa. Usianike juu ya udongo. Tumia turubai au mkeka. Ghala la magunzi liwe jembamba, lisizidi mita 1 kwa upana, na upana wake uelekee upepo ili upite kati. Weka vizuizi vya bati kwenye miguu yake, kwa kuwa panya nao huhamia nyumbani mara mabua yakikatwa.

Kabla ya kutia katika magunia, chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia punje kiasi cha theluthi moja na chumvi kavu kidogo, tikisa sana, kisha acha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi; yarudishe juani. Fanya hivyo kwa punje kutoka sehemu mbalimbali za rundo.

Na ukimwokota ndege aliyekufa mwenye pete ya chuma mguuni, usiivue kuwa kipuli cha mtoto. Andika namba na maneno yaliyochorwa, siku na mahali, upeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ndege huyo alifungwa pete na mtu ambaye bado angependa kujua alifika wapi.