Kusoma Marekani: Nani Atalipa?

Kila muhula ukikaribia kwisha husikia bwenini vijana wa Kidato cha Nne wakizungumza juu ya kwenda kusoma ng'ambo, hasa Marekani. Wengine husema hayo ni mambo ya watoto wa matajiri tu. Wengine husema ukisha kupata barua ya kukubaliwa chuoni, basi kazi imekwisha. Mimi naona kwamba pande zote mbili zimekosea. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi gharama hizo zinavyolipwa, na nani huzilipa.

Kwanza nitaeleza jambo lililotokea nyumbani kwetu Kyela. Mwaka 2022 binti wa baba yangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza Kidato cha Sita, alipata barua kutoka chuo kimoja cha Marekani. Barua ilisema kwamba amekubaliwa, tena atapewa msaada wa dola 15,000 kila mwaka. Siku ile ilikuwa kama sikukuu. Majogoo walichinjwa, wazee wakaja kutoa baraka, na baba mkubwa akaanza kutafuta mnunuzi wa nusu ya shamba lake la kakao ili apate nauli. Mwalimu mmoja, rafiki wa nyumba yetu, ndiye aliyeomba kuisoma barua ile mpaka ukurasa wa mwisho. Huko iliandikwa kwamba gharama zote za mwaka mmoja ni dola 42,000. Sisi sote tulikuwa tumesoma 15,000, wala hapana aliyeuliza dola 27,000 zilizobaki zitatoka wapi, na hiyo ni kwa kila mwaka katika miaka minne.

Hebu tufanye hesabu. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500, dola 27,000 ni shilingi 67,500,000. Tukikadiria kilo moja ya kakao kavu kuwa shilingi 10,000, hizo ni kilo 6,750 kila mwaka. Mkulima wa ekari mbili au tatu hawezi kuzipata, hata mvua ikinyesha vizuri namna gani. Shamba halikuuzwa, na dada hakwenda. Alisomea ualimu hapa hapa nchini. Lakini kama mwalimu yule asingalikuja, shamba lingalikwenda kwa ajili ya nauli ya kufika mahali ambapo asingaliweza kulipa ada. Tangu siku hiyo nimejua kwamba jambo la kutazama si kiasi unachopewa, bali kiasi kinachobaki.

Shida hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1959 Bwana Tom Mboya wa Kenya alipata vyuo vingi vya Marekani vilivyokuwa tayari kuwasomesha vijana wa Kiafrika, lakini vijana wenyewe hawakuwa na nauli. Marafiki wa Marekani, miongoni mwao mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji Jackie Robinson, walisaidia kukusanya fedha, na mwezi wa Septemba mwaka huo ndege moja iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na safari ile vijana wa Tanganyika pia walikuwamo. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa waliokwenda mwaka huo. Alisoma elimu ya viumbe katika jimbo la Kansas, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nyumbani nako wazazi na majirani walichangishana kwa ajili ya mahitaji ya watoto wao. Kwa hiyo hata wakati ule mlipaji hakuwa mmoja. Chuo kilibeba sehemu yake, wahisani sehemu yao, na jamaa sehemu yao. Safari iliwezekana kwa sababu kila pengo lilijulikana mapema na lilikuwa na mtu wa kuliziba.

Sasa tutazame hali ya siku hizi. Gharama za mwaka ni ada, chakula na malazi, vitabu, bima ya afya na nauli. Katika chuo kama Harvard jumla yake hupita dola 80,000. Serikali ya Marekani huwasaidia raia wake kulipa, lakini msaada huo haumhusu mwanafunzi mgeni. Kwa hiyo mgeni asiye na mali hana budi kutegemea chuo chenyewe au mfadhili mwingine.

Vyuo havifanani katika jambo hili, na hapo ndipo wengi hukosea. Kuna aina tatu za kukumbuka.

Aina ya kwanza ni vyuo vichache sana, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humpokea mwanafunzi, hata aliye mgeni, bila kutazama kama ana fedha. Akisha kupokewa, chuo hupima uwezo wa wazazi wake na kuziba pengo lote lililobaki. Hivyo chuo chenye bei kubwa kuliko vyote chaweza kuwa rahisi kuliko vyote kwa mtoto wa mkulima. Ugumu ni kuingia: katika kila waombaji mia, Harvard hupokea wasiotimia watano.

Aina ya pili ni vyuo vingi vinavyotoa msaada lakini hutazama kwanza mwombaji anahitaji fedha kiasi gani. Anayehitaji nyingi huwa na nafasi ndogo zaidi ya kupokewa. Wengine hutoa sehemu tu ya gharama kwa sababu ya alama nzuri, kama barua ya dada yangu ilivyokuwa.

Aina ya tatu ni vyuo vyenye desturi ya pekee. Mathalan, Berea College katika jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855, hakiwatozi wanafunzi wake ada ya masomo, bali kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni saa kumi au zaidi kila juma. Hupokea wageni wachache kila mwaka.

Anayeomba msaada hutakiwa kueleza mapato ya wazazi wake. Hapa watoto wa wakulima hukata tamaa, kwa kuwa baba hana hati ya mshahara. Lakini mzazi aweza kuandika barua ya maelezo ya kweli, akaonyesha stakabadhi za mauzo ya kakao kutoka chama cha msingi, na barua ya serikali ya kijiji. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi anzeni sasa kutunza stakabadhi hizo. Ada ya kuomba nafasi nayo vyuo vingi huisamehe kwa mwanafunzi maskini akithibitishiwa na shule yake.

Ukipokewa, chuo hukupa hati iitwayo I-20 baada ya kuona ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza. Kisha hulipwa dola 350 za kuandikishwa na dola 185 za maombi ya viza, na ukikataliwa viza hizi 185 hazirudi. Mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo si zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Fedha hizo hutosha sabuni na vitabu. Asitokee mtu akadhani atalipia ada kwa kuosha vyombo.

Kadhalika yafaa mjue kwamba mwezi wa Desemba 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza vizuizi vya viza kwa raia wa nchi kadhaa kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Tanzania imo, pamoja na jirani zetu Malawi ng'ambo ya Mto Songwe, na viza za wanafunzi zimo vile vile. Amri za namna hii hubadilika. Kabla ya kulipa hata senti moja, ulizeni kwanza katika Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Huduma ya EducationUSA hutoa ushauri bure. Mtu akija kijijini kuuza nafasi ya chuo au viza, mwambieni aende zake.

Mwisho, ndugu zangu, sisemi msiombe. Ombeni, huku mkisoma kwa bidii, maana vyuo vyenye fedha hutazama sana matokeo yetu. Lakini barua ikija, isomeni mpaka ukurasa wa mwisho, mkatoe kinachotolewa katika gharama yote, kisha mwulize: hiki kilichobaki nani atalipa? Jibu lisipopatikana, kakao ibaki shambani.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV