UZI UNAPOGOMA: CHEREHANI NA MFARISHI

Likizo ya Desemba iliyopita nusura niharibu kazi ya wiki tatu. Shangazi yangu ni fundi wa nguo, na yale mabaki ya vitenge na leso yanayolala chini ya meza yake nilikuwa nimeyaunganisha kipande kwa kipande hadi yakatosha kitanda. Nia yangu ilikuwa kushona mfarishi, yaani tandiko nene la tabaka tatu: vipande juu, blanketi kuukuu katikati na amerikani chini. Mteja alikuwa amekwisha toa nusu ya pesa, nami nilizihitaji kwa mambo ya shule.

Basi nikaketi, nikakanyaga cherehani. Juu mshono ulipendeza ajabu. Nilipogeuza kitambaa, lo! Chini vitanzi tele, kama ndevu za beberu. Kwa ujuaji wangu nikatoa kibweta cha bobini, nikakaza skrubu yake. Vitanzi vikazidi. Nikakaza tena, uzi ukakatika.

Shangazi alikuja akatazama, kisha akaniuliza swali moja tu: "Wewe mtoto, ulipopitisha uzi, mguu wa cherehani ulikuwa juu au chini?"

"Chini, Shangazi."

Kumbe kosa lilikuwa hapo! Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vidogo vinavyoubana. Mafundi hukiita kifaa hicho tensheni. Ukiinua mguu, visahani huachana na uzi huingia katikati. Ukiushusha, hubanana, na uzi unaopitishwa wakati huo huelea kando bila kubanwa na chochote.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi hupotea. Kila mshono wa cherehani ya kawaida ni nyuzi mbili zinazovutana, wa juu na wa bobini, na mahali zinapoungana panapaswa kujificha ndani ya kitambaa. Uzi uliolegea huvutwa kwenda upande wa mwenzake. Kwa hiyo vitanzi vya chini kwa kawaida ni kosa la uzi wa juu. Ukiona uzi wa bobini umechomoza juu kama vidoadoa, basi wa juu umekazwa mno.

Kwa hivyo anza juu. Inua mguu, pitisha uzi upya, uone kama umeingia kwenye ule mkono unaopanda na kushuka. Toa vumbi la pamba penye bobini. Blanketi huacha manyoya mengi. Tabaka tatu zataka sindano nene, namba 90 au 100 (kwenye pakiti nyingine huandikwa 14 au 16), na mishono mirefu kidogo, 8 hadi 10 kwa inchi. Halafu jaribu kwenye kipande chenye tabaka zile zile tatu, si kwenye kitambaa kimoja! Tia uzi mwekundu juu na mweupe chini, utaona mara moja nani anamvuta nani. Zungusha tensheni kidogo kidogo, kulia kukaza, kushoto kulegeza.

Skrubu ya bobini ni ya mwisho kabisa. Shika ncha ya uzi, kibweta kining'inie. Kikiporomoka chenyewe, kimelegea. Ukitikisa mkono nacho kikashuka kidogo kisha kikasimama, usikiguse. Ikibidi, geuza robo mzunguko au chini yake, tena juu ya sahani, maana skrubu yenyewe ni ndogo kama punje ya mtama na ikianguka sakafuni umekwisha.

Jambo jingine ni uzito. Mfarishi ukiachwa uning'inie mezani huivuta sindano, na mishono huenda mshazari hata kama nyuzi ziko sawa. Mimi niliweka stuli mbili kuubeba.

Kufumua ile mishono mibovu kwa wembe kulinichukua jioni mbili. Mteja aliuchukua mfarishi Ijumaa akamaliza deni lake. Shangazi naye, tangu siku ile, bisibisi ndogo huiweka ndani ya mkoba wake.