Mtoto wetu na Kiingereza: atasomaje, atasemaje?



Kila mwaka, siku za Mtihani wa Serikali zikaribiapo, twaona jambo lile lile nyumbani mwetu. Kijana aliyeandika Kiingereza katika daftari kwa miaka mingi aanza kukimbia huku na huku akitafuta maswali ya miaka iliyopita. Ayashika majibu kwa kichwa kama mtu ashikaye hesabu ya nyumba za mtaa: hili ni herufi ya pili, lile ni herufi ya nne. Wengine hufanya vibaya zaidi. Huchanga fedha, pengine fedha iliyowekwa kwa chakula cha nyumba, ili kuwapa watu wasemao kwamba wamekwisha kuyaona maswali. Siku ifikapo, habari iliyo mezani ni nyingine kabisa. Mtoto ameiba, naye ameibiwa.

Twataka kusema leo juu ya njia nyingine, iliyo ndefu kidogo, lakini yenye kufika.

MTIHANI WATAKA NINI?

Mtihani wa Serikali ulianzishwa katika nchi yetu ya Kongo mwaka 1967. Tangu hapo ndio mlango wa diploma, na bila diploma hakuna kuingia chuo kikuu. Miongoni mwa masomo yake kuna lugha, Kifaransa na Kiingereza. Kwa Kiingereza mtahiniwa apewa habari ya kusoma, kisha maswali, na chini ya kila swali majibu kadhaa, ambayo moja tu ni la kweli. Hapana mtu amwombaye aseme Kiingereza siku hiyo.

Ndiyo maana wanafunzi wengi husema: “Kwa nini nijisumbue kusema? Yatosha nisome.” Wajidanganya. Lugha haikai machoni tu. Neno lisilopata kupita sikioni wala kinywani ni kama mgeni aliyesimama barabarani: twamwona, lakini hatumfahamu. Mtoto aliyezoea kusema na kusikia, macho yake huenda mbio juu ya karatasi. Asiyezoea husimama kwenye kila neno, na saa ya mtihani haimngojei.

Tena, maisha hayaishi siku ya mtihani. Tazameni mipaka yetu. Kule Kasumbalesa twapakana na Zambia, kule Kasindi twapakana na Uganda, na serikali za nchi hizo mbili hutumia Kiingereza. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba wa Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi mwaka 1999, wataja Kiingereza kuwa lugha yake rasmi. Kiswahili chatufikisha sokoni na barabarani kwa jirani zetu. Lakini karatasi za forodha, za benki na za chuo huandikwa kwa Kiingereza. Kijana asiyezisoma hutia sahihi yake juu ya maneno ya mtu mwingine.

MTAKATIFU AGUSTINO NA KIGIRIKI

Mwalimu mkubwa wa Kanisa, Mtakatifu Agustino, alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Katika kitabu chake cha Maungamo aeleza jinsi alivyojifunza lugha mbili. Kilatini alikipata tangu utoto katikati ya walezi waliomchekea na kucheza naye, wala hakuona taabu. Kigiriki alifundishwa shuleni kwa vitisho na adhabu, akakichukia, ingawa habari zilizosimuliwa ndani yake zilikuwa tamu. Mwenyewe akata shauri kwamba hamu ya kujua yafundisha lugha kuliko woga.

Wazazi, maneno hayo yatuhusu. Mtoto akikosea neno la Kiingereza mbele ya nduguze, nao wakamcheka, kesho hatafungua kinywa. Akipigwa kwa sababu ya alama mbaya, atajifunza kuficha daftari. Lugha hukua mahali penye amani, na mahali pa kwanza pa amani ni nyumba.

SIKIO KWANZA, KINYWA BAADAYE

Kiswahili kina vokali tano, na kila moja yasomwa namna moja popote iandikwapo. Kiingereza nacho kina herufi tano za vokali, lakini wataalamu wa matamshi ya Uingereza huhesabu sauti zipatazo 20. Ndiyo sababu mtoto wetu asemapo “ship”, yaani meli, na “sheep”, yaani kondoo, sisi twasikia neno moja. Tena maandishi hayafuati sauti. Maneno “though”, “through” na “cough” yaisha kwa herufi zile zile nne, na kila moja lina sauti yake. Asiyesikia hawezi kukisia.

Kuna sauti nyingine itutaabishayo sisi watu wa Kongo. Ndugu zetu wa pwani husema “dhambi” na “thelathini”, wakiweka ncha ya ulimi katikati ya meno. Sisi twasema “zambi” na “salasini”. Basi, sauti hizo mbili za pwani ndizo hasa za Kiingereza katika “this” na “think”. Mtoto ajizoeze kwanza kwa maneno hayo ya Kiswahili, kisha avuke kwenye yale ya Kiingereza. Hivyo atatofautisha “think”, kufikiri, na “sink”, kuzama.

Walakini asiogope lafudhi. Mpolonia mmoja aitwaye Joseph Conrad, aliyezaliwa mwaka 1857, alijua Kifaransa tangu ujana, bali Kiingereza alianza kukijifunza alipokuwa na umri wa miaka ipatayo 20, kati ya mabaharia. Mwaka 1890 alipanda mto wetu Kongo kwa meli mpaka mahali paitwapo leo Kisangani. Baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha ya Kiingereza, na mpaka kufa kwake alikisema kwa lafudhi ya kigeni. Kusudi letu ni kufahamu na kufahamika. Si lazima mtoto aonekane kama mzaliwa wa London.

Mazoezi yenyewe ni haya. Kila siku mwanafunzi asome kwa sauti mistari kumi, si zaidi. Kisha afunge kitabu na aseme kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasoma. Wawili wakikutana njiani kurudi shuleni, waulizane kwa Kiingereza juu ya mambo ya kila siku: maji, soko, mchezo wa mpira, misa ya Jumapili. Redio nayo ni mwalimu asiyelipwa. Mwaka 1959 redio ya Marekani, Sauti ya Amerika, ilianza kutangaza habari kwa Kiingereza chepesi, chenye maneno machache yasemwayo polepole, na wengi katika Afrika walijifunza hivyo. Leo matangazo ya namna hiyo hupatikana hata katika simu. Kusikiliza dakika kumi kila siku kwafaa kuliko saa tatu siku moja ya mwezi.

KISWAHILI NI RAFIKI, KIFARANSA NI RAFIKI WA KUANGALIWA

Wengine hufikiri kwamba Kiswahili chamzuia mtoto kujua Kiingereza. Sivyo. Tuchukue nyakati za vitendo. Mfaransa asema “j'ai mangé hier”, naye mwanafunzi wetu aifuata njia hiyo na kuandika “I have eaten yesterday”. Ni kosa. Laiti angalifikiri kwa Kiswahili! Hakuna mtu asemaye “nimekula jana”. Twasema “nilikula jana”. Kwa Kiingereza vile vile: jana yataka “I ate”, na jambo lililokwisha ambalo matunda yake yapo sasa, “nimekula, nimeshiba”, lataka “I have eaten”. Mambo hayo mawili hayalingani kila mahali, lakini msingi ni mmoja, na Kiswahili chetu chaonyesha njia kuliko Kifaransa.

Mahali pengine Kiswahili hakitusaidii. “Alikuja” ni mwanamume au mwanamke? Hatujui. Kiingereza chatenga “he” na “she”. Na katika “mama yake” tahadhari ni kubwa zaidi. Mfaransa asema “sa mère” kwa mama wa mvulana na kwa mama wa msichana, kwa kuwa atazama jinsi ya mama. Mwingereza hutazama mwenye mama: “his mother” kwa mvulana, “her mother” kwa msichana. Katika habari ya mtihani maneno madogo hayo ndiyo yaonyeshayo nani ametenda nini. Asiyeyafuata hupoteza alama hata kama ajua maneno yote makubwa.

Juu ya maneno makubwa, Kifaransa ni hazina. Mwaka 1066 watu wa Normandie waliiteka Uingereza, na Kifaransa chao kikawa lugha ya wakuu kwa miaka mingi. Hivyo Kiingereza kilipokea maelfu ya maneno: “nation”, “justice”, “question”, “village”, “fruit” yaandikwa namna moja katika lugha zote mbili. Lakini wamo wasaliti. “Library” si duka la vitabu kama “librairie”, ni maktaba. “Actually” maana yake ni kwa kweli, si kwa sasa. “Lecture” ni somo atoalo mwalimu wa chuo, si kusoma. “Sensible” ni mtu mwenye busara, si mwepesi wa kuguswa moyo. Kila mwanafunzi aandike wasaliti hao katika ukurasa mmoja wa daftari, na kila awakamatapo wengine awaongeze. Watunga maswali wawajua vizuri.

NAMNA YA KUSOMA HABARI YA MTIHANI

Kwanza, asome maswali kabla ya habari, ili ajue atafuta nini.

Pili, asome habari yote mara moja bila kusimama, hata kama maneno matano au sita hayajui. Mtu avukaye mto kwa mawe hasimami kuchunguza kila jiwe.

Tatu, arudi kwa neno gumu na kuwauliza majirani zake. Likisemwa kwamba mkulima alichukua kitu fulani na kulima shamba, kitu hicho chaweza kuwa nini kama si jembe?

Nne, atazame sana maneno madogo yapinduayo maana: “not”, “never”, “but”, “except”. Swali laweza kuuliza lipi si kweli, na mwenye haraka akachagua lililo kweli.

Tano, kabla ya kuweka alama, aweke kidole juu ya mstari wa habari ushuhudiao jibu lake. Asipouona mstari, hajajibu bado, amebahatisha tu.

Kwa mazoezi ya nyumbani kuna kitabu kimoja kitufaacho sana: Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, na habari zake twazijua tangu katekisimu. Mtoto asome kwanza mistari michache kwa Kiswahili, kisha ile ile kwa Kiingereza. Kwa sababu maana i moyoni tayari, maneno mageni yajifunua yenyewe. Atapata lugha, tena atapata chakula cha roho.

KAZI YA BABA NA MAMA

Mama atasema: “Mimi sikusoma Kiingereza, nitamsaidiaje?” Mama, ukae karibu naye, umwambie: “Mwanangu, nisomee kwa sauti, kisha nieleze kwa Kiswahili.” Akieleza sawasawa, amefahamu. Akianza kutafuna maneno, amesoma kwa macho tu, naye mwenyewe atajua hivyo mbele yako. Hakuna mtahini aliye bora kuliko mama asiyejua jibu, maana kwake haiwezekani kujificha.

Baba naye ana kazi yake. Apange nusu saa ya kimya kila jioni, na taa. Daftari likiisha, asingoje miezi miwili. Na jambo hili alipime kwa haki: je, binti yake ana nusu saa hiyo sawa na kaka yake? Mara nyingi mvulana aketi na kitabu huku dada yake akichota maji, akipika, akimbeba mdogo wao, mpaka usingizi unamshika. Halafu twasema kwamba wasichana hawana kichwa cha lugha. Mtihani wao ni mmoja, na hautauliza nani alichota maji.

Mwisho, juu ya wale wauzao majibu. Msiwape hata faranga moja. Mkiwapa, mwamfundisha mtoto kwamba kazi yake yote ya miaka haina thamani, na kwamba uongo una bei. Hata akishinda hivyo, ataingia chuo akiwa na karatasi mkononi na giza kichwani, na kila siku ataogopa kuulizwa. Afadhali mtoto aanguke kwa haki, apate 45 kwa mia, arudi mwaka ujao akijua makosa yake, kuliko kusimama juu ya diploma ya wizi.

Waswahili husema: haba na haba hujaza kibaba. Mistari kumi kwa siku ni zaidi ya mistari elfu tatu kwa mwaka. Mwaka wa masomo uwapo mwanzoni kibaba ni kitupu, na kila jioni yaweza kukitia punje. Leo jioni, chakula kikiisha kuondolewa, mwite mwanao na kitabu chake, umwambie: “Nisomee.”