Kusanidi Vifaa vya Ndani katika Programu ya QEMU

QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huiga mashine nzima, pamoja na vifaa vilivyojengwa ndani ya ubao mama wake. Stesheni ya TAZARA ya Makambako inafaa kuwa mfano: msafiri wa Njombe, mji usio na reli, hahitaji kujengewa stesheni mpya, bali barabara ya kumfikisha kwenye iliyopo. Vivyo hivyo, jozi ya `-netdev` na `-device` huongeza kadi mpya ya mtandao. Ile ya ndani huunganishwa kwa `-nic`, na sifa zake hurekebishwa kwa `-global`. Anayechanganya amri hizo hupata kosa, au kadi ya pili huku ya kwanza ikibaki haijaunganishwa. Kwa mwanafunzi asiye na ubao halisi, tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo jaribio lake linathibitisha lolote.